Damu Ngumu, Damu Laini

Mweke mtoto mgongoni au mapajani, tuzungumze.

Mazungumzo ya leo yanaanza na kosa langu mwenyewe.

Nilikuwa nimetoka chuoni juzi tu, diploma yangu ingali mpya. Tulivuka mto na sanduku la chanjo mpaka kijiji kimoja ambacho sitakitaja. Mama mmoja alikuja na watoto wawili, mvulana wa miaka minne na msichana wa mwaka mmoja na nusu. Kitabu cha kliniki cha msichana kilikuwa kimejaa: malaria, damu pungufu, malaria tena. Cha mvulana kilikuwa na chanjo tu. Mama akaniuliza, "Sista, hawa wanalala kitanda kimoja na mbu ni hao hao. Huyu mkubwa mbona hashikwi?" Nikacheka, nikamjibu, "Huyu damu yake ngumu."

Nililisema kwa mzaha, lakini yeye hakulipokea kwa mzaha. Nitarudi kwa mvulana huyo. Kwanza nataka tuulize pamoja: je, damu inaweza kuwa ngumu au laini kweli? Nani aliwahi kuipima, na kwa kifaa gani? Mimi nilidhani ni maneno ya barazani tu. Nilipoanza kusoma nikakuta kwamba watu wameipima, seli moja moja, na kwamba sehemu muhimu ya jibu ilitoka kwa watoto wa Kilifi, mwendo wa saa chache kwa basi kutoka hapa Garsen.

Kupima ugumu si jambo geni kwako, mama. Ukiwa sokoni unachagua embe, hulipasui. Unalibonyeza kidogo kwa kidole gumba na mara moja unajua kama ni bichi, limeiva au limeoza ndani. Mimi pia kazini nafanya hivyo. Mtoto akiletwa miguu imevimba, nabonyeza juu ya wayo kwa kidole gumba, nahesabu sekunde tatu, naachilia. Shimo likibaki kwenye miguu yote miwili najua ni uvimbe wa maji, na kwa mtoto mdogo nashuku utapiamlo mkali, hata kama mashavu yake ni ya duara na jirani wanasema amenenepa. Kidole kimeniambia jambo ambalo macho hayakuliona.

Sasa fikiria unataka kubonyeza hivyo hivyo seli moja ya damu. Lile tone tunalotoa kwenye kidole cha mtoto kwa kipimo cha malaria lina mamilioni ya seli nyekundu. Gawanya milimita moja mara 1,000: upana wa seli moja ni vipande 8 hivi. Umbo lake ni kama chapati nene iliyobonyezwa katikati pande zote mbili, na inaishi siku 120 hivi ikizunguka mwili mzima bila kupumzika.

Katika mzunguko huo inapita kwenye mishipa ambayo ni myembamba kuliko yenyewe. Inapita pia kwenye wengu, ambao wengine huita bandama, na huko kuna nyufa nyembamba zaidi. Inapitaje? Kama paka anavyopita chini ya mlango. Inajikunja, inajivuta, inatokea upande wa pili, kisha inarudia umbo lake. Seli nyekundu isiyoweza kujikunja inakwama, na ikikwama, sehemu ya mwili iliyo mbele yake inakosa hewa. Kwa hiyo ulaini huo ni uhai.

Ugonjwa wa kwanza uliowafundisha madaktari somo hili ni mmoja mnaoujua. Mwaka wa 1910, daktari James Herrick wa Chicago, Marekani, aliandika habari za mwanafunzi kijana kutoka kisiwa cha Grenada ambaye damu yake, ilipotazamwa kwa hadubini, ilionekana na seli zilizopinda kama mundu. Ndiyo siko seli, ambayo vitabu vyetu huita selimundu. Bila shaka nyanya zetu walikwisha kuwaona watoto wa aina hii, wanaolia viungo usiku na kuvimba vidole. Hawakuwa na hadubini tu.

Mwaka wa 1949 yalitokea mambo mawili. Huko Marekani, Linus Pauling na wenzake walionyesha kwamba tatizo liko ndani ya himoglobini, ile protini nyekundu inayobeba hewa: ya wagonjwa hawa ni tofauti na ya watu wengine. Ikikosa hewa inashikana na kuwa kama vijiti, na vijiti hivyo vinaisukuma seli mpaka inapinda na kukakamaa. Mwaka huo huo, kijana aitwaye Anthony Allison, aliyezaliwa Afrika Kusini na kulelewa hapa Kenya, alikuja na msafara wa Chuo Kikuu cha Oxford uliokwenda Mlima Kenya. Alizunguka nchi akikusanya damu ya jamii mbalimbali. Akaona jambo la ajabu. Pwani na kando ya Ziwa Victoria, katika baadhi ya jamii, zaidi ya watu 20 kwa kila 100 walikuwa wamebeba chembe ya siko seli. Nyanda za juu, kwenye baridi, hakupata hata mmoja kwa 100.

Kwa nini huku na si kule? Allison alifikiria mbu. Alirudi Afrika Mashariki baada ya kuhitimu udaktari, akachunguza watoto na watu wazima, na mwaka wa 1954 akachapisha jibu: mtu aliyerithi jeni ya siko seli kutoka kwa mzazi mmoja tu ana kinga dhidi ya malaria. Wengi hawakumwamini mwanzoni. Leo ni mojawapo ya mambo yaliyothibitishwa zaidi katika elimu ya kurithi.

Hapa naomba nisimame kidogo, maana naijua mioyo iliyovunjika kwa jambo hili. Mtoto mwenye siko seli yenyewe amerithi jeni mbili, moja kwa mama na moja kwa baba. Hakuna mchawi hapo, wala hakuna mke wa kurudishwa kwao. Na yule aliyerithi mbili hana kinga hiyo ya malaria. Kwake malaria ni hatari kubwa zaidi, ndiyo maana kliniki inamwandikia dawa ya kumkinga. Mpe kama alivyoandikiwa.

Turudi kwenye kubonyeza. Kwa miaka mingi waliweza kuona kwamba seli fulani zimekakamaa, na walikuwa na njia kadhaa za kulikadiria hilo, kwa mfano kuzivuta kwa mrija mwembamba wa kioo. Halafu mwaka wa 1986 Gerd Binnig, Calvin Quate na Christoph Gerber walitangaza chombo kipya: hadubini ya nguvu za atomu. Hadubini ya zahanati inatazama kwa mwanga. Hii haitazami, inapapasa, kama mtu asiyeona anayejua sura ya mjukuu wake kwa ncha za vidole. Ile ya kwanza kabisa ilikuwa na kipande kidogo cha almasi kilichogundishwa kwenye ukanda mwembamba wa dhahabu. Mwaka huo huo Binnig alipata Tuzo ya Nobeli pamoja na Heinrich Rohrer, lakini kwa chombo walichokuwa wamekiunda kabla ya hiki.

Kinavyofanya kazi si vigumu kuelewa. Chukua fimbo nyembamba ya kuvulia samaki. Samaki akigusa chambo, fimbo inapinda, na kwa jinsi ilivyopinda unajua ni samaki mdogo au mkubwa. Katika hadubini hii fimbo ni ndogo hata macho hayaioni vizuri, na mwishoni ina sindano. Mwale wa mwanga unamulikwa mgongoni mwa fimbo. Fimbo ikipinda kidogo tu, doa la mwanga linahama, na mashine inalisoma. Sindano inashushwa juu ya seli mpaka inaigusa, kisha inasukuma kidogo. Seli ikiwa laini, sindano inazama. Ikiwa ngumu, fimbo ndiyo inayopinda. Ni kidole changu juu ya mguu wa mtoto, ila nguvu inayotumika ni ndogo mara maelfu kuliko uzito wa mbu mmoja.

Mwanzoni walipapasa vitu vikavu na vigumu. Miaka ya 1990 wakaanza kupapasa seli zilizo hai, ndani ya maji yenye chumvi kama ya mwili. Wakakuta kila aina ya seli ina ugumu wake, na kwamba maradhi yanaubadilisha. Seli nyingi za saratani zimeonekana kuwa laini kuliko seli nzima za aina hiyo hiyo. Seli za wagonjwa wa siko seli ni ngumu kuliko za kawaida. Na seli nyekundu iliyoingiliwa na vimelea vya malaria, ile ncha ya sindano inapopita juu yake, inakutana na vinundu vidogo vidogo vilivyojaa kote, kama ngozi ya mtoto mwenye vipele vya joto.

Vinundu hivyo, mama, ndivyo vinavyotuua. Kimelea cha malaria kikishaingia katika seli nyekundu kinaigeuza kuwa nyumba yake. Kinajenga vinundu ili seli ishike ukuta wa mshipa na isipelekwe kwenye wengu kuchujwa. Wakati huo huo seli inazidi kukakamaa. Ile chapati laini iliyokuwa ikipita popote sasa ni kigae. Seli za namna hii zikirundikana kwenye mishipa midogo ya ubongo, mtoto anarusha mikono na miguu, macho yanageuka juu. Sisi tunaita dege. Kuna anayekimbilia hirizi na kuna anayekimbilia hospitali, na wote wanampenda mtoto. Lakini mishipa imeziba kwa seli, na kinachoua vimelea vilivyomo ni sindano ya dawa ya malaria kali. Mwulizeni nesi yeyote aliyewahi kukaa zamu ya usiku wakati wa masika.

Sasa tufike Kilifi.

Kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome kimekuwa Kilifi tangu 1989, kando ya hospitali ya pale. Wanasayansi wake, wakishirikiana na wenzao wa nchi nyingine, walikuwa wakijiuliza swali lile lile la yule mama wa kijijini: kwa nini watoto wawili wanaumwa na mbu wale wale, na mmoja anaugua sana, mwingine haugui? Mwaka wa 2017 walionyesha kwamba katika sehemu za Afrika Mashariki, Kilifi ikiwemo, wapo watu waliozaliwa na aina ya damu iitwayo Dantu, na kwamba jeni hiyo inapunguza hatari ya malaria kali kwa asilimia 40 hivi. Mwenye kurithi jeni hiyo kwa wazazi wote wawili anakingwa zaidi. Nje ya Afrika, Dantu ni adimu sana.

Lakini inakingaje? Jibu lilitoka mwaka wa 2020, katika utafiti ulioongozwa na Silvia Kariuki wa kituo hicho cha Kilifi pamoja na wenzake wa Uingereza. Walichukua damu ya watoto 42 wa Kilifi waliokuwa wazima. Baadhi hawakuwa na Dantu, baadhi walikuwa na jeni moja, na baadhi mbili. Wakaweka vimelea vya malaria pamoja na seli zao maabarani na kupiga picha za video, waone kimelea kinavyobisha hodi.

Ukisikia picha yenyewe utaielewa. Kimelea kinagusa seli. Kwenye seli ya kawaida ngozi ya seli inabonyea, inakizunguka, na kimelea kinazama ndani. Kwenye seli nyingi za Dantu kinagusa, kinahangaika, na ngozi haibonyei. Kinabaki nje. Muda wake wa kuishi nje ya seli ni mfupi, kwa hiyo kinakufa hapo.

Ngozi ya seli ya Dantu imekazwa. Hapa hawakutumia ile sindano ya kupapasa, walitumia njia nyingine isiyogusa. Ngozi ya seli nyekundu inatetemeka wakati wote, kama maji ya mto upepo ukipita. Ukipiga video ya haraka na kuhesabu mitetemo, unaweza kujua imelegea au imekazwa kiasi gani. Unajua ngoma kabla ya kuchezwa inavyowekwa karibu na moto? Ngozi iliyolala kwenye umande imelegea, ukiibonyeza inazama. Ikishaota moto inakaza, kidole kinaruka. Seli ya Dantu ni ngoma iliyoota moto kidogo. Imekazwa kiasi cha kumzuia mgeni, lakini haijawa kigae, bado inapita kwenye mishipa yake na mwenyewe ni mzima wa afya.

Waligundua jambo jingine ambalo kwangu ndilo kubwa zaidi. Hata kwa mtu asiye na Dantu, seli hazilingani. Zimo zilizokazwa na zimo zilizolegea katika tone lile lile. Kuna kiwango fulani cha kukaza ambacho, seli ikikipita, kimelea kinashindwa kuingia. Mtu wa Dantu ana seli nyingi zaidi zilizopita kiwango hicho. Si zote. Kwa hiyo hata yeye ana milango iliyo wazi, na malaria inahitaji mlango mmoja tu kuanza. Baadhi ya wanasayansi wanasema labda siku moja itapatikana dawa ya kukaza seli za kila mtoto kidogo tu. Mimi nitafurahi, lakini leo dawa hiyo haipo, na katika zahanati zetu hatupimi Dantu. Huwezi kuitambua kwa rangi ya mtoto, kwa unene wake wala kwa ukoo.

Kinachopatikana leo ni neti, na hiyo nayo ina historia ya Kilifi. Kati ya 1993 na 1995 ulifanyika huko utafiti mkubwa: vijiji vingine vikapewa neti zilizotiwa dawa, vingine vikasubiri mpaka utafiti uishe. Katika vijiji vya neti, watoto waliolazwa kwa malaria kali walipungua kwa asilimia 44, na vifo vya watoto wadogo vikapungua kwa asilimia 33. Linganisha na ile 40 ya Dantu. Dantu unazaliwa nayo au huna. Neti unaipata kliniki ukiwa mjamzito, na inawafaa mwenye damu iliyokazwa na mwenye damu iliyolegea.

Haya, yule mvulana.

Masika yaliyofuata mto ulifurika na mbu wakawa wengi. Nyumba ile ilikuwa na neti moja. Mama akapima kama mama yeyote angepima: msichana ndiye anayeshikwa, mvulana ana damu ngumu, sista mwenyewe amesema. Akamtoa mvulana kwenye neti, akamlaza mkekani na baba yake. Homa ilimwanza siku ya Jumatatu. Jumatano alfajiri alikuwa na dege. Walimvusha kwa mtumbwi, wakapanda bodaboda watatu, na alipofika hospitali viganja vyake vilikuwa vyeupe kama karatasi. Akadungwa sindano ya malaria kali, akaongezwa damu. Alipona.

Kama ana Dantu au hana, sijui mpaka leo. Labda ilikuwa bahati tu ile miaka minne. Nilipokwenda kumwona wodini, mama yake alikuwa ameketi chini, ameegemea kitanda. Hakunigombeza. Aliniambia tu, polepole, "Sista, si ulisema huyu damu yake ngumu?" Sikuwa na jibu. Nikashika leso yake iliyoanguka, nikaikunja.

Tangu siku hiyo sisemi neno hilo kliniki. Safari yangu ya mwisho kijijini mwao nilikuta neti mbili zimefungwa, moja mpya aliyoipata kliniki akiwa na mimba ya mtoto wa tatu. Mvulana amekuwa mrefu na anamlalamikia dada yake kwamba usiku anampiga mateke. Yule mdogo alikuwa na joto tangu jana. Mama akanitazama, akatabasamu kidogo. "Na huyu je, Sista, damu yake ikoje?"

"Sijui, mama," nikamjibu. "Lete kidole tupime."